Akwesasne: Samaki Walipokatazwa, Nini Kingine Kilipotea?

Katikati ya miaka ya 1980, wajawazito na akina mama wanaonyonyesha wa Akwesasne waliambiwa wasile samaki wa mto wao. Baadaye karibu kila mtu katika jamii hiyo akaambiwa apunguze au aache. Kitabibu ushauri ulikuwa sahihi, maana sumu iliyokuwa ndani ya samaki hao haikuwa ya kuchezea. Hata hivyo, ushauri huohuo uliowakinga watu na sumu moja uliwafungulia mlango wa madhara mengine, na jamii ilihangaika karibu miaka 30 hadi madhara hayo yakakubaliwa kisheria kuwa sehemu ya uchafuzi. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu huku kwetu bado tunapima uchafuzi kwa chupa ya maji iliyopelekwa maabara, na majibu yakirudi tunadhani tumemaliza kuhesabu hasara.

Akwesasne ni nchi ya Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini na mojawapo ya mataifa sita ya shirikisho la Haudenosaunee. Iko pale mito ya Grasse, Raquette na St. Regis inapoingia katika mto mkubwa wa St. Lawrence. Mpaka wa Marekani na Kanada umeikata katikati: kusini ni jimbo la New York, kaskazini ni Ontario na Quebec. Kuna baraza linalotambuliwa na Marekani, lingine linalotambuliwa na Kanada, na baraza la machifu wa jadi ambalo ni la kale kuliko nchi zote mbili. Samaki hajui mpaka, lakini kila ofisi inayohusika na samaki huyo inaujua, na hilo peke yake limechelewesha mambo mengi.

Chanzo cha balaa ni umeme wa bei rahisi. Kampuni ya Alcoa ilikuwa ikitengeneza aluminiamu mjini Massena, jirani tu na Akwesasne, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Miaka ya 1950 serikali za Marekani na Kanada zikaupanua mto ili meli kubwa zipite, na bwawa la Moses-Saunders likaanza kufua umeme mwaka 1958. Umeme ukavuta viwanda vingine viwili: Reynolds ya aluminiamu, na kiwanda cha General Motors cha kusubu vipuri vya magari, kilichofunguliwa mwaka 1959 ukingoni kabisa mwa ardhi ya Wamohawk, penye makazi ya Raquette Point. Hivyo jamii moja ya wavuvi, wakulima na wafumaji wa vikapu ikajikuta imezungukwa na viwanda vitatu juu ya upepo na juu ya maji.

Walioumia kwanza ni ng'ombe. Moshi wa Reynolds ulibeba floraidi hadi kisiwa cha Cornwall, ikatua kwenye majani ya malisho. Meno ya ng'ombe yakalika hadi kwenye fizi, mifupa ikavimba, wanyama wakashindwa kutafuna. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cornell walithibitisha ugonjwa huo mwishoni mwa miaka ya 1970. Jamii ikaenda mahakamani ikidai mamilioni ya dola, ikachoshwa na gharama za kesi, na miaka ya 1980 ikakubali dola 650,000. Ufugaji wa kisiwani haukurudi ulivyokuwa. Kesi ile iliwaachia Wamohawk somo chungu: fedha ya fidia ikigawanywa bila kuuliza ni kazi gani imekufa, hugawanyika ikaisha na kazi ikabaki imekufa.

Kisha ikaja PCB.

Hizi ni kemikali zilizotengenezwa kiwandani, zaidi ya 200 za ukoo mmoja, zilizopendwa kwa sababu hazishiki moto kwa urahisi. General Motors ilizitumia katika mafuta ya haidroliki ya mashine zake hadi miaka ya 1970. Mafuta yalivuja, taka zikafukiwa kwenye dampo la kiwanda na mabwawa ya majitaka, na kutoka hapo zikapenya kwenye maji ya ardhini na tope la mto. Alcoa na Reynolds nazo zilichangia sehemu yao, hasa katika mto Grasse. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa PCB mwaka 1979. Marufuku haikuziondoa zilizokwisha kumwagika, kwa kuwa haziozi kwa urahisi. Zinashikamana na mafuta ya mwili: mdudu wa topeni anazo kidogo, samaki mdogo anakula wadudu wengi, samaki mkubwa anakula wadogo wengi, na binadamu yuko juu kabisa. Mtoto anayenyonya yuko juu zaidi ya mama yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki asione hii ni sumu ya mbali. PCB zimo katika mafuta ya transfoma nyingi za zamani, na taarifa za watu wanaofyonza mafuta ya transfoma na kuyauza kwa wakaangaji wa chipsi zimewahi kuripotiwa Kenya. Kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho kinaweza kuwa juu ya nguzo ya umeme ya mtaani kwako.

Mwaka 1983 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliitoza General Motors faini ya dola 507,000, na mwaka uliofuata likakiweka kiwanda katika orodha ya maeneo machafu kuliko yote nchini. Mtaalamu wa magonjwa ya wanyamapori wa jimbo la New York, Ward Stone, alipima vyura, kobe wa majini na virukanjia waliookotwa karibu na dampo. Kisheria, kitu chenye PCB zaidi ya sehemu 50 kwa kila milioni kinahesabiwa kuwa taka hatarishi. Baadhi ya wanyama wale walipita kiwango hicho mara nyingi.

Hapo ndipo alipoingia Katsi Cook. Ni mkunga wa Kimohawk, na bibi yake alikuwa mkunga kabla yake. Akina mama walianza kumuuliza swali ambalo mkunga hawezi kulikwepa: maziwa yangu ni salama? Cook hakuwa na jibu, na serikali pia haikuwa nalo. Akaanzisha mradi wa maziwa ya mama, akalisukuma jimbo na Chuo Kikuu cha Albany kupima maziwa ya wanawake wa Akwesasne, lakini kwa masharti. Wanawake wenyewe wangekuwa sehemu ya utafiti kwa maana ya kweli: wenyeji ndio wangefunzwa kukusanya sampuli na kufanya mahojiano, na kila mama angerudishiwa majibu yake yeye kabla ya mtu mwingine kuyasoma kwenye jarida. Msimamo wake, ambao ameurudia kwa miaka mingi, ni kwamba mwili wa mwanamke ndiyo mazingira ya kwanza ya binadamu. Kwa hiyo mtu anayechunguza uchafuzi wa mto huku amemwacha mama mjamzito nje ya hesabu hajaanza kazi.

Majibu yalileta nafuu na majonzi kwa pamoja. Miongoni mwa waliojifungua mwishoni mwa miaka ya 1980, Wamohawk walikuwa na PCB nyingi zaidi katika maziwa kuliko wanawake wa maeneo ya kulinganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Akina mama walikuwa wameacha kula samaki. Walishauriwa waendelee kunyonyesha, na watoto wakanyonya.

Wataalamu wa afya ya jamii wangefunga faili hapo na kuandika kwamba ushauri ulifanikiwa. Wamohawk hawakulifunga.

Samaki alipoondoka kwenye sahani, mahali pake palikaliwa na chakula cha dukani cha bei ya chini: wanga, sukari, nyama za kopo. Kazi ya kutwa nzima ya kutupa nyavu, kupiga makasia na kuparua samaki ikaisha. Kisukari kikapanda. Watafiti baadaye walikuta pia kwamba watu wazima wenye PCB nyingi zaidi kwenye damu ndio waliokuwa wakiugua kisukari zaidi, kwa hiyo jamii ilipigwa pande zote mbili, na sumu yenyewe na njia ya kuikimbia. Kwa vijana, Lawrence Schell na wenzake wa Albany, wakishirikiana na jamii, waliona uhusiano kati ya PCB na utendaji wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, wasichana kuvunja ungo mapema, na upungufu wa homoni ya kiume kwa wavulana.

Bustani nazo zilipungua, kwa kuwa watu waliogopa udongo. Wachuma dawa za miti shamba waliuliza kama mzizi uliochimbwa kinamasini bado ni dawa. Henry Lickers, mwanabiolojia wa taifa la Seneca aliyeongoza idara ya mazingira upande wa Kanada kwa miaka mingi, alieleza hasara hiyo kwa mfano wa nyavu: watu wakiacha kuvua hawafungi tena nyavu, na wasipofunga nyavu husahau jina la fundo, na hapo kipande kizima cha lugha na maarifa kinakwenda. Mzee alikuwa akimfundisha mjukuu huku mikono ina kazi. Kazi ilipokatazwa, mazungumzo nayo yalikosa mahali pa kufanyikia.

Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa kisa. Hesabu ya kawaida ya hatari huuliza mtu anakula gramu ngapi za samaki kwa siku, kisha inapunguza gramu. Haina safu ya kumwandika bibi aliyeacha kwenda mtoni na wajukuu. Wataalamu wa jamii yenyewe, akiwemo Mary Arquette, Mmohawk aliyesomea sumu za mazingira, walitengeneza njia nyingine ya kuhesabu kupitia kikosi cha mazingira cha Akwesasne kilichoundwa mwaka 1987. Walianzia kwenye maneno ya shukrani yanayosomwa kabla ya kila mkutano na kila sherehe. Maneno hayo yanashukuru watu, kisha ardhi, maji, samaki, mimea, vyakula vya shambani, dawa, wanyama, miti, ndege, pepo, ngurumo, jua, mwezi na nyota, hadi kwa Muumba, na baada ya kila kundi husemwa kwamba sasa fikra zetu zimekuwa moja. Kila kilichotajwa kina wajibu wake. Swali la tathmini likawa: je, maji bado yanaweza kutimiza wajibu wake? Samaki je? Na watu, wana nafasi ya kutimiza wajibu wao kwa samaki? Ni kipimo kigumu kuliko cha gramu, na nadhani ni cha kweli zaidi, maana kinamlazimisha mpimaji kuona kwamba mto ulio safi lakini usio na mvuvi bado haujapona.

Watu hawa hawakudharau namba. Mwaka 1989 baraza la upande wa Marekani lilijiwekea viwango vyake vya PCB: sehemu 1 kwa milioni kwenye udongo, na sehemu 0.1 kwenye tope la mito ya ardhi yao. Mwaka uliofuata EPA ililazimika kuviheshimu viwango hivyo kwenye ardhi ya Wamohawk, wakati ndani ya uzio wa kiwanda iliruhusu sehemu 10. Taifa dogo liliifanya serikali kuu ikubali kwamba ardhi ya jirani maskini inastahili kuwa safi mara kumi kuliko uwanja wa kiwanda.

Utekelezaji haukwenda kama karatasi. General Motors ilichimba tope la St. Lawrence mwaka 1995, lakini sehemu moja ikashindikana kufikisha kiwango na ikafunikwa. Dampo la kiwanda halikuondolewa. Lilifunikwa likabaki kilima kinachoonekana kutoka kwenye nyumba za watu. Kampuni ilifilisika mwaka 2009 na eneo likaingia mikononi mwa taasisi ya kusimamia mali zilizoachwa. Mwezi Agosti 2011 mkazi mmoja aliyechoka kusubiri aliingia na mashine ya kuchimbia, akaanza kulichimba dampo na kupakia udongo wenye sumu kwenye mabehewa ya treni. Polisi walimkamata.

Katika mto Grasse mabishano yalikuwa yaleyale, kulifunika tope lenye sumu au kuliondoa. Mfuniko wa majaribio uliwekwa mwaka 2001. Mwaka 2003 barafu ya mtoni iliyosongamana ilikwangua sakafu ya mto na kuuharibu mfuniko huo. Wazee wanaoujua mto wakati wa barafu hawakushangaa. Hata hivyo uamuzi wa EPA wa mwaka 2013, wenye gharama ya dola milioni 243, ulichagua kuchimba kando za mto na kufunika sehemu kubwa ya mkondo wenyewe, kinyume na walichotaka Wamohawk. Nakubaliana nao. Sumu iliyofunikwa inahitaji mlinzi, na mlinzi lazima awepo kwa muda wote sumu itakapokuwepo.

Mwaka huohuo wa 2013 ndipo lilipotokea jambo linalokifanya kisa hiki kiwe tofauti na vingine ninavyovijua. Sheria ya Marekani inaruhusu wasimamizi wa maliasili kudai fidia kwa ajili ya maliasili zilizoharibiwa, mbali na gharama za kusafisha. Wasimamizi hapa walikuwa mashirika ya serikali kuu, jimbo la New York, na Wamohawk wenyewe wakiwa na kiti kamili mezani. Alcoa na Reynolds zilikubali suluhu ya takriban dola milioni 19.4. Kati ya hizo, kiasi cha dola milioni 8.4 kilitengwa kurudisha shughuli za utamaduni wa Wamohawk zilizokatizwa na uchafuzi. Ili kufika hapo, jamii ilikusanya ushuhuda wa wazee kuhusu nini hasa kiliacha kufanyika, lini, na kwa nini. Hasara aliyoieleza Lickers kwa mfano wa fundo la wavu ikaingia katika hati ya kisheria.

Fedha hazikugawanywa nyumba kwa nyumba. Zilijenga uanagenzi. Wazee wajuzi walichaguliwa katika nyanja nne: dawa na uponyaji; uwindaji na utegaji; uvuvi na matumizi ya mto; na kilimo cha bustani pamoja na ufumaji wa vikapu. Kila mzee akapewa wanagenzi wa kukaa nao kwa miaka, msimu baada ya msimu, huku lugha ya Kimohawk ikiwa ndiyo lugha ya kazi inayofundishwa. Sehemu nyingine ilikwenda kwa taasisi zilizokuwepo, kama Akwesasne Freedom School, iliyoanzishwa na wazazi mwaka 1979 na ambayo mtaala wake umejengwa juu ya yale maneno ya shukrani.

Chukua kikapu kimoja uone mwanagenzi anajifunza nini. Kwanza ni kuutambua mti wa eshi mweusi kinamasini, na kuujua ulionyooka usio na mafundo. Unakatwa, gogo linabebwa, gome linaambuliwa. Kisha gogo linapigwa kwa kisogo cha shoka, pigo kando ya pigo, urefu wote, hadi pete za ukuaji wa kila mwaka ziachiane na kutoka vipande virefu kama mikanda. Mikanda inachanwa tena katikati iwe myembamba na laini, inakwanguliwa, inapimwa upana. Katikati ya kiangazi yanachumwa majani yenye harufu tamu, moja moja, yanakaushwa na kusukwa kuwa kamba nyembamba ya kupambia. Ndipo ufumaji unaanza. Ndani ya kazi hiyo kuna kutembea, kubeba, kupiga, kukaa na watu, na kusikiliza. Ukimuuliza mganga wa kisukari au wa msongo wa mawazo aandike dawa, angeandika mambo hayohayo, isipokuwa hana kinamasi cha kumpeleka mgonjwa.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaouita mpango huu mradi wa utamaduni, kama vile ni pambo lililoongezwa baada ya kazi ya kweli ya mazingira. Kijana anayejua misimu ya samaki ndiye wa kwanza kugundua mto ukibadilika.

Mto nao umesaidiwa kwa njia nyingine. Mwaka 2016 Wamohawk walibomoa bwawa la Hogansburg kwenye mto St. Regis, na wakawa taifa la kwanza la wenyeji nchini Marekani kuondoa bwawa la umeme lenye leseni ya serikali kuu. Kiasi cha kilomita 440 za mito na vijito zilifunguka kwa samaki wanaopanda kutaga, wakiwemo salmoni na stajeni. Ushauri kuhusu kula samaki haujafutwa, hasa kwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, lakini siku hizi haukatazi kwa jumla kama zamani. Unatofautisha samaki kwa samaki na mahali kwa mahali, na unataja faida ya samaki kama chakula.

Mapungufu yapo, na ni makubwa. Milioni 8.4 ni kidogo mbele ya miongo ya hasara. Baadhi ya waliojua zaidi walifariki kabla senti ya kwanza haijatoka. Mdudu wa Asia anayetoboa miti ya eshi, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameshafika eneo hilo, naye anaua miti ileile ya vikapu. Idara ya mazingira ya Akwesasne inakusanya na kuhifadhi mbegu ili mti usitoweke kabisa. Na fedha za suluhu zina mwisho wake kwenye hati, wakati mfuniko wa mto Grasse na kilima cha Raquette Point vitahitaji kuangaliwa kila mwaka barafu inapoyeyuka, bila tarehe ya mwisho. Kampuni zilizochafua ndizo zilizopaswa kufungwa kisheria kugharimia uanagenzi huo kwa muda uleule.